Mvua Ikinyamaza, Limi Anasikika

Jumatatu, 13 Januari 2025

Daftari hili kanipa Mama William niandike idadi ya vizibao kila siku. Vizibao naandika kwa mbele. Huku nyuma nimeligeuza, nitaandika yangu, kwa sababu kutwa nitakuwa na mtoto asiyejua kujibu, na mimi maneno yakinijaa kifuani sipati usingizi. Shule niliishia darasa la tano kule Masumbwe. Mwandiko ni huu huu.

Leo cherehani imeletwa kwa guta, nimeiweka karibu na dirisha. Tulikuwa mafundi sita tukishonea kwenye chumba cha Mama William pale sokoni Kahama. Chumba amekirudisha kwa mwenyewe, sasa kila fundi anashonea kwake. Ni vile vizibao vya rangi ya machungwa vyenye mistari inayong'aa, wanavyovaa watu wa migodini. Alipotutangazia alisema, "Mtakuwa na watoto wenu kutwa, mtu asiniletee tena habari za mtoto kaumwa, mtoto kaanguka." Tulipiga vigelegele. Mimi nililia kabisa. Limi ana mwaka na nusu, na siku za sokoni nilikuwa namkuta jioni ananitazama kama mgeni wa kanisani. Sasa nitakuwa naye. Mungu ambariki Mama William.

Jumanne, 14 Januari

Vizibao kumi na viwili. Limi amelala kwenye rundo la mabaki ya kitambaa, kachanganyika nayo, simwoni ila kichwa.

Ijumaa, 17 Januari

Kumbe kuna utaratibu. Kwenye grupu ameandika kila fundi atume picha ya kazi saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi. Tena atakuwa anapiga simu ya picha muda wowote anaotaka yeye. "Nyumbani siyo likizo," kaandika. Ni sawa, cherehani ni zake. Leo alipopiga, Limi alishika simu akailamba. Mama William akacheka, akasema, "Huyu naye anataka mshahara."

Jumapili, 19 Januari

Mama mkwe, Mama Martina, kapiga kutoka Ushirombo. Hana maneno mengi, na mimi huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mayu. Mtoto ameacha ziwa?"

"Bado, mama."

"Bado? Mwaka na nusu?"

"Bado anang'ang'ania, mama."

Kwao mtoto akiacha ziwa anakwenda kwa bibi, anakaa huko mpaka aanze shule. Baba Limi alikwenda hivyo, na dada zake wote walikwenda hivyo. Hawaoni ubaya. Mimi nilimzaa Limi baada ya mimba mbili kuharibika, na niliapa moyoni kwamba ananyonya mpaka yeye mwenyewe aone aibu. Maadamu ananyonya, hakuna wa kuja kumchukua. Hilo sijamwambia mtu, hata Herman mume wangu sijamwambia.

Alhamisi, 23 Januari

Vizibao tisa. Alitaka kunyonya kutwa.

Jumanne, 28 Januari

Mvua imepiga bati tangu asubuhi. Mama William kapiga saa sita, Limi analia mgongoni kwangu kama kachomwa na siafu, na mama wa watu anapiga kelele, "Haloo? Haloo? Mama Limi, huko ni mvua tu, sisikii kitu! Nionyeshe vizibao!" Nikamwonyesha. Alipokata nilicheka peke yangu kama mwehu. Nimegundua mvua ni rafiki. Ikipiga bati, mtoto alie, aimbe, aangushe sufuria, hakuna anayejua.

Alhamisi, 30 Januari

Herman kapiga kutoka machimboni, upande wa Geita. Duara lao, lile shimo la dhahabu, limejaa maji, wanakaa kusubiri mashine ya kuvuta. "Mvua ikikata tunashuka, mke wangu. Vumilia." Yeye anaomba mvua ikate, mimi naomba inyeshe. Sijui Mungu anatusikilizaje watu wa nyumba moja.

Chumba hiki, unga, mafuta ya Limi, vyote vinatoka kwenye cherehani hii. Sijamwambia Herman kwa kumsimanga. Anajua.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua imekata. Jua kali, ardhi imeanza kupasuka kwenye njia ya choo.

Alhamisi, 6 Februari

Vizibao viwili vimerudishwa. Vina vidole vya uji mgongoni, vidole vitano vidogo, vimekauka wazi kabisa kama mtu kapiga muhuri. Mteja aliviona mwenyewe. Mama William kanipigia, sauti ya chini, na akiongea kwa sauti ya chini ndiyo mbaya.

"Mama Limi, mimi mtoto wako nampenda. Sijasema umtupe. Nimesema asionekane kwenye kazi yangu."

"Nisamehe, Mama William."

"Na asisikike. Kila nikipiga analia. Nikisikia mtoto analia, najua mikono haipo kwenye cherehani. Mwezi wa tatu tuna mzigo mkubwa wa mkandarasi. Kama huwezi niambie mapema, cherehani niipeleke kwa mwenye nafasi."

Nikasema naweza. Ningesema nini?

Jumatatu, 10 Februari

Nimejaribu kumwacha kwa Anisia, jirani yangu wa mlango wa pili. Anisia ana watoto wanne na mdomo wa watu kumi, lakini moyo wake ni mweupe. Amekaa naye siku mbili. Leo kaniambia kesho anakwenda kwenye vibarua vya mpunga, na majarubani hawezi kumbeba.

Jumatano, 12 Februari

Jua. Nimemfunga Limi kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, kanga ndefu, anafika mpaka mlangoni. Mama yangu alitufunga hivyo hivyo wakati wa kulima. Alicheza kidogo, halafu akasimama mwisho wa kanga akinyoosha mikono kwangu. Hakulia. Alinyoosha tu. Nilishona mstari ukaenda upande, nikaufumua.

Alhamisi, 13 Februari

Leo alilia. Mama William alipiga mara tatu, sikupokea, halafu nikadanganya kwamba simu ilizima chaji.

Jumanne, 18 Februari

Anisia alirudi jioni na tope magotini, akanikuta nimekaa mlangoni, mimi nalia na Limi analia.

"We mama, mnaimba kwaya gani hii?"

Nikamweleza. Akaingia kwake akatoka na chupa ya dawa ya kifua, ile ya maji, ya rangi nyekundu. "Nusu kijiko. Atalala kama mtoto wa tajiri. Wangu wote wamekua nayo, na unawaona walivyo na akili."

"Wako hawana akili, Anisia."

"Basi na huyu atakuwa mwenzao."

Tukacheka. Chupa ameniachia.

Jumatano, 19 Februari

Nusu kijiko saa mbili. Amelala mpaka saa tano. Vizibao kumi na vitatu.

Alhamisi, 20 Februari

Kumi na vitatu. Mama William kanitumia dole gumba kwenye grupu, wenzangu wote wameona.

Jumatatu, 24 Februari

Jua bado. Nusu kijiko haifiki tena saa nne. Nimempa kijiko kizima.

Ijumaa, 28 Februari

Kumi na vitano. Akiamka siku hizi haombi kunyonya, anakaa kitandani anatazama ukuta. Usiku nikimpa ziwa ananyonya kidogo anageuka. Nadhani ni joto.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimekwenda misa ya asubuhi na Limi mgongoni. Padri alimpaka majivu hata yeye. Nikarudi nikampa dawa, nikakaa kwenye cherehani, na jivu bado liko kwenye paji lake la uso. Nilijisikia vibaya kumtazama, nikamfunika kanga usoni kidogo, nzi wasimsumbue.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia hapa zahanati, kwenye benchi. Daftari nilikuja nalo kwa sababu lilikuwa mkononi, siyo kwamba nilifikiri.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mzigo. Nilibakiza vizibao kumi na nane. Limi aliamka alfajiri na mafua, analialia tu, hataki chini, hataki kitandani. Saa mbili nikampa kijiko kizima. Akalala. Nikashona bila kunyanyua kichwa. Saa sita akaamka, akawa anayumba, nikampa uji akautema. Wakati huo simu ikalia, Mama William.

"Mama Limi, saa nane niko hapo na mtu wa mkandarasi. Anataka kuona tunavyofanyia kazi majumbani, ahakikishe pasafi. Namleta kwako maana wewe ndiye unayenitia moyo siku hizi. Usiniangushe, dada yangu."

Dada yangu. Hajawahi kuniita hivyo.

Nilifagia. Nilificha sufuria uvunguni, nepi nikazitoa kwenye kamba. Nje hapakuwa na wingu hata moja. Nilitazama juu mara mbili, nakumbuka, nikitafuta wingu kama mtu anayetafuta ndugu kwenye basi. Limi akaanza kulia. Nikampa kijiko kingine. Sikufikiri kwamba cha asubuhi bado kiko ndani. Hapana, nilifikiri. Niandike ukweli, daftari hili hasomi mtu. Nilifikiri, halafu nikasema ni kijiko kimoja tu, ni leo tu.

Walikuja. Mtu mwenyewe kijana mpole, alisimama mlangoni na viatu vyake vikubwa akaogopa kuchafua. Alivuta mishono, akaangalia mistari kama imenyooka, akasema, "Safi." Mama William alikuwa anang'aa.

"Unaona? Mtu akijipanga inawezekana. Na mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama."

Akachungulia pazia la kitanda. "Mtoto mwema," akasema. Wakaondoka.

Nikashona kimoja zaidi. Hapo ndipo roho yangu inaponing'inia mpaka sasa. Sikwenda kumwangalia. Nilishona kimoja zaidi, nikakata uzi, nikakunja, ndipo nikaenda.

Alikuwa wa baridi mikononi. Mdomo umebadilika rangi. Nikamwita, nikamtikisa, kichwa kikaenda nyuma. Pumzi ilikuwa inakuja, halafu inakaa, nahesabu, halafu inakuja. Sijui nilipiga kelele gani. Anisia hakuwepo, yuko kwenye mpunga. Bodaboda aliyekuwa anapita alinipakia bila kuniuliza hela, alikimbiza akipiga honi njia nzima, na mimi nilikuwa nampuliza mtoto usoni, nampuliza, kama anayewasha moto wa kuni mbichi.

Nesi alikuwa mama mtu mzima. "Umempa nini?"

"Ana mafua, mama. Homa."

"Nimekuuliza umempa nini."

"Uji."

Akanishika kidevu akanigeuza nimtazame. "Mwanangu, kama unataka niokoe huyu mtoto, niambie umempa nini."

Nikamwambia. Nikamwambia na siku zote za nyuma. Hakunitukana. Aliandika, akaita mwenzake, wakamwekea hewa puani na dripu kwenye mguu maana mkononi mshipa haukuonekana. Mimi nikaambiwa nikae nje.

Jioni Mama William akaja. Nitasema haki yake, alikuja. Kaleta mkate na juisi, akakaa na mimi kwenye benchi hili, akanishika mkono, na machozi yalimtoka kweli. Akasema na yeye William wake alilelewa na watu, hamjui vizuri mpaka leo. Halafu akafuta macho kwa mtandio. "Mama Limi, samahani kukuuliza saa hizi. Ufunguo wa nyumba uko wapi? Gari la mzigo linaondoka saa kumi na mbili."

Nikampa ufunguo.

Jumamosi asubuhi Limi alifungua macho. Nesi akasema atapona, ila watamtazama siku mbili tatu. Simu yangu ilikuwa inalia tu, ilikuwa Siku ya Wanawake, grupu limejaa maua na hongera mama jasiri.

Jumatatu, 10 Machi

Tumerudi nyumbani. Anisia kaja, kaona chupa dirishani, kaichukua na kuirusha chooni. Kisha akakaa chini sakafuni.

Jumanne, 11 Machi

Mama Martina amefika na basi la asubuhi. Herman ndiye aliyempigia. Nilijua atakuja na maneno, nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakuuliza kitu. Aliomba maji ya moto, akamwogesha Limi taratibu, akamkanda miguu na mgongo kwa mafuta ya ng'ombe aliyokuja nayo kwenye chupa ya soda. Limi anayeogopa wageni alimwegemea tumboni. Miaka yote nimemwona mama huyu kama mtu wa kunipokonya. Leo nilitazama mikono yake, imepasuka kama gome, na inavyomshika mtoto utadhani anashika yai. Afadhali angenitukana.

Jioni Limi alilia, nikamweka ziwani. Alivuta, akavuta, akaachia, akalia zaidi. Mama Martina alikuwa anatazama.

"Hakuna kitu humo, mayu."

"Yatarudi, mama. Nikinywa uji wa karanga yatarudi."

"Hayarudi. Ameshaacha siku nyingi, wewe ulikuwa hujui." Akafunga kanga yake vizuri. "Kazi imemwachisha."

Nikamwambia nitarudisha cherehani, tutakwenda wote Ushirombo, mimi na Limi.

"Mahindi yetu yamekaukia shambani na jua la mwezi wa pili. Mlaji mdogo mmoja tutamweza. Ukija na wewe, Herman yuko juu ya duara lenye maji, nani atatuma hata sabuni? Kaa na cherehani yako, ng'wanone. Ndiyo itakayomlisha."

Kaniita mwanangu. Wote wanaponiita vizuri ndipo wananikata.

Jumatano, 12 Machi

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Limi hakulia. Alidhani tunakwenda wote, alikuwa ananionyesha basi kwa kidole.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Imepiga bati kutwa. Vizibao kumi na sita.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Kumi na sita.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Kumi na saba. Mama William kasema kwenye grupu wenzangu waje wajifunze kwangu. Akinipigia hakuna kinachosikika zaidi ya maji, wala sina cha kuficha.

Jumapili, 6 Aprili

Nimegundua bado naweka kitambaa chini ya miguu ya cherehani isigonge sakafu, nisimwamshe. Nimekitoa. Halafu nimekirudisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Herman kapita siku moja. Mashine ya kuvuta maji imekuja ikaharibika. Alikaa kitandani akishika kandambili moja ya Limi, ya pili sijui iko wapi. "Tukipata mzigo tutamfuata," akasema. "Akiwa bado hajaanza kunisahau." Hakusema "kutusahau". Kisha akalala, miguu ikiwa nje ya kitanda, na mimi nikaendelea kushona.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Baada ya misa nilimpigia Mama Martina. Salamu, habari za mahindi, habari za Herman. Nikaomba niongee na mtoto.

"Limi, mama huyo. Ongea na mama."

Kimya.

Nikamwita jina. Nikamwita majina yake yote ya utani, nikaimba kale kawimbo ka kuogea, watu wa nje wakadhani nimechanganyikiwa. Kimya. Nilisikia pumzi yake tu, anapumua vizuri, nilimshukuru Mungu kwa hilo.

"Anaitazama simu tu, mayu. Hajui inaongea nini."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha cherehani, ndicho kigoda pekee ndani. Leo ni sikukuu, hakuna kazi, sikuwa na kitambaa chini ya sindano. Mguu ukakanyaga wenyewe, kwa mazoea tu, nikiwa natafuta la kusema. Cherehani ikalia.

"Mama," nikasikia.

Niliacha. Kimya. Nikakanyaga tena.

"Mama! Mama!"

Sauti yangu haikumwambia kitu, ila cherehani anaijua. Nikaweka simu juu ya meza karibu na gurudumu nikakanyaga kwa miguu yote miwili, sindano inapanda na kushuka juu ya hewa, na yeye huko anacheka, anaita, nasikia mpaka Mama Martina naye anacheka. Niliogopa kuacha.

Kisha matone yakaanza, makubwa, moja moja upande wa choo, halafu yote kwa pamoja juu ya bati.

"Haloo?" nikasema. "Haloo? Limi? Huku ni mvua tu, sisikii kitu!"

Sikusikia tena. Niliendelea kukanyaga mpaka simu ikakatika yenyewe. Sijui kama kule kwao cherehani ilikuwa bado inasikika.